Kabla ya Matilda Alipinduliwa Angani: Stori ya Marubani na Somo la Kuanguka

Leo tuanze na fumbo, wadau. Jina nitalitaja, ila kwanza jaribuni wenyewe.

Ni kijana wa Kizungu, miaka 22, mrefu mpaka anakera: futi sita na inchi sita. Mwaka 1938 anashuka melini Dar es Salaam kuja kufanya kazi Shell. Kazi yenyewe ni kuuza mafuta na vilainishi Tanganyika nzima, na miongoni mwa wateja wake ni wenye mashamba ya mkonge, zao lililoifanya Tanga ijulikane hadi Ulaya. Anajifunza Kiswahili. Anakusanya stori za nyoka ambazo miaka mingi baadaye zitamwingizia hela. Vita vinaanza Septemba 1939, na Novemba anatia vitu vyake kwenye gari, anaendesha maili 600 mpaka Nairobi, anaomba kuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza.

Umempata? Ukikwama, hii hapa nyepesi: umeangalia filamu zake. Ile ya mtoto wa kike mwenye akili za ajabu anayesogeza vitu kwa macho. Ile ya kiwanda cha chokoleti.

Ndiyo. Roald Dahl, mtunzi wa Matilda, aliwahi kuwa muuza mafuta Bongo. Lakini leo sitaki tuzungumzie vitabu vya watoto. Nataka tuzungumzie walichomfanyia Nairobi baada ya kufika, kwa sababu ndani yake kuna swali ambalo mpaka leo linahusu roho yako kila unapopanda ndege.

Kwanza, ndege yenyewe. Iliitwa Tiger Moth. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, viti viwili vya wazi, kimoja mbele na kimoja nyuma, na injini ya nguvu za farasi 130. Breki haina. Ili iwake, mtu anasimama mbele na kulizungusha pangaboi kwa mkono, kisha anaruka pembeni haraka. Dahl alikuwa mrefu hivi kwamba kichwa kilitokeza juu ya kioo cha kuzuia upepo, na upepo ulikuwa unampiga usoni mpaka hapumui. Akajifunga kitambaa puani na mdomoni, maisha yakaendelea.

Baada ya saa saba na dakika 40 tu za kufundishwa, aliachiwa ndege arushe peke yake. Halafu ndipo shule ikaanza. Yeye mwenyewe ameeleza kwenye kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986: walifundishwa kupiga kitanzi angani, kuruka kichwa chini miguu juu, kuiingiza ndege kwenye mzunguko wa kuanguka na kuitoa, kutua injini ikiwa imezimwa, na kwenda Eldoret na kurudi ukiwa mwenyewe na mawingu yako.

Sasa swali la mtu mwenye akili timamu: kwa nini umpindue mwanafunzi kichwa chini wakati kazi yake ni kuruka kwenda mbele?

Neno letu lilitoka baharini

Watu wa Tanga jibu hili wanalo mlangoni. Neno "rubani" ni la baharini. Kabla hakujawa na ndege yoyote, rubani alikuwa yule mtu anayejua mkondo, mwamba na fungu la mchanga, anayekiongoza chombo mpaka bandarini. "Usukani" nao ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Na "tanga" ni kile kitambaa kinachokamata upepo.

Muulize mtu yeyote aliyekua na ngalawa, kati ya Pangani na Moa. Tanga linafanya kazi kwa pembe yake na upepo. Ukililegeza sana, linapigapiga tu. Ukiikaza kamba yake kupita kiasi, chombo kinapoteza mwendo hata kama upepo ni mkali.

Bawa la ndege ni tanga lililolazwa. Hewa ikiligonga kwa pembe ya wastani, linabeba. Ukiinyanyua pua ya ndege kupita kiasi, hewa inashindwa kuufuata mgongo wa bawa, inaachia, na bawa linaacha kubeba. Marubani wanaiita stoli. Na hapa wengi wanachanganya: stoli sio injini kuzimika. Injini inaweza kuwa inaunguruma vizuri kabisa na ndege bado inaporomoka.

Bawa moja likiachia kuliko jingine, ndege inaanza kushuka huku inazunguka kama pia. Hiyo ni spini.

Sasa weka mwili wako pale. Pua inaangalia chini, ardhi inazunguka na inakua. Mkono wako unataka kitu kimoja tu: kuvuta fimbo ya usukani nyuma ili pua inyanyuke. Na kuvuta ndiko kunakokuua, maana unazidi kulinyima bawa ile pembe nzuri. Dawa ni kinyume cha hofu yako: punguza nguvu ya injini, kanyaga pedeli ya usukani wa mkia upande ulio kinyume na mzunguko, sukuma fimbo mbele. Ndiyo, mbele, kuelekea kule kule unakoogopa. Subiri mzunguko ukome. Halafu vuta taratibu.

Kusoma hivyo ni dakika moja. Kuufanya mkono wako utii ni kitu kingine. Kwa hiyo wanakupeleka juu sana, ambako kuna nafasi ya kukosea, wanakuangusha mara nyingi mpaka hofu inachoka.

Waliojifunza kwa kufa

Mwanzoni hakuna aliyejua haya. Spini ilikuwa ni hukumu ya kifo. Tarehe 25 Agosti 1912, Mwingereza Wilfred Parke alinaswa na spini mbele za watu, kama futi 700 kutoka ardhini. Alijaribu kila kitu. Mwisho akaugeuzia usukani wa mkia upande wa pili, na ndege ikanyooka ikiwa imebaki kama futi 50. Akatua, akaeleza alichofanya. Desemba mwaka huo huo alikufa kwenye ajali nyingine.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Septemba 1913, Pyotr Nesterov wa jeshi la Urusi alipiga kitanzi kamili juu ya Kyiv. Wakubwa wake walimpa zawadi gani? Siku kumi za kufungiwa, kwa kosa la kuhatarisha mali ya serikali. Baadaye walipoelewa alichothibitisha wakampandisha cheo. Hoja yake ilikuwa rahisi: hewa ni tegemeo pande zote, kwa hiyo rubani anayejua anaweza kujinasua kutoka mkao wowote.

Aliyeliingiza somo hili shuleni ni Robert Smith-Barry, pale Gosport, Uingereza, mwaka 1917. Vita vya Kwanza vilikuwa vinaua wanafunzi wa urubani kabla hata ya kumwona adui. Smith-Barry akabadili utaratibu: badala ya kumwambia mwanafunzi aikimbie hatari, mwalimu anakaa naye ndani ya ndege, wanaingia kwenye hatari pamoja, wanatoka pamoja. Hata ule mpira wa kuongelea kati ya mwalimu na mwanafunzi ukaitwa kwa jina la Gosport. Alichopata Dahl Nairobi mwaka 1939 kilikuwa mtoto wa shule hiyo.

Na Afrika Mashariki ilikuwa imeshawaona wakali wa sarakasi za angani kabla ya hapo. Ernst Udet, Mjerumani aliyeangusha ndege 62 kwenye Vita vya Kwanza na baadaye akawa staa wa maonyesho, alikuja pande hizi mwaka 1930 na 1931 kupiga filamu, akaruka mpaka Serengeti. Huyu ndiye aliyekuwa anaokota leso chini kwa ncha ya bawa. Wakati wa kurudi alikwama kwenye mabwawa ya Nile, Sudan. Aliyekwenda kumwokoa alikuwa Tom Campbell Black wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na mama mmoja, Florence Kerr Wilson. Ndege za kampuni hiyo ndizo zilizokuwa zinashuka pwani na barua: Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar. Uwanja wa Wilson wa Nairobi umebeba jina la mama huyo.

Nani alipewa kiti?

Turudi kwenye ile kozi ya Nairobi. Dahl alikuwa na wenzake 16. Kati yao, watatu tu ndio waliomaliza vita wakiwa hai. Majina ya wengi wao huwezi kuyakuta kwenye filamu yoyote.

Usikimbilie kusema "si walifundishwa sarakasi, mbona walikufa?" Walifundishwa kuitawala ndege, lakini vitani kuna mengine. Dahl mwenyewe alipelekwa Habbaniya, Iraq, kwa miezi sita zaidi, halafu akashangaa kuambiwa kwamba hakuna mafunzo maalumu ya kupigana angani. Septemba 1940 alianguka jangwani Misri, fuvu likapasuka, akawa haoni kwa muda. Aprili 1941 yuko Ugiriki, kwenye ndege aina ya Hurricane ambayo alikuwa ameirusha saa chache sana. Alipona. Akaandika vitabu.

Lakini kuna kundi jingine ambalo hata kufa wakiwa marubani hawakupewa nafasi. Kozi ile ilikuwa ya vijana wa Kizungu waliotoka huku na huku Afrika Mashariki. Makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika waliingia vita ile ile, wakiwa askari wa miguu, madereva, wapagazi, wengine mpaka Burma. Mzungu muuza mafuta alipewa ndege baada ya safari ya gari. Mswahili aliyejua kusoma upepo tangu utotoni akapewa bunduki na buti. Somo la kupinduka na kurudi lilikuwa la wachache, na hao wachache hawakuchaguliwa kwa kipaji.

Uhuru ulipokuja, kiti kikawa chetu, ila mwalimu akawa tatizo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, nchi ilianza upya na JWTZ. Ujerumani Magharibi ikaingia kusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Mapema 1965 ikaondoa wataalamu wake, kwa hasira ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki kupitia Zanzibar. Nyerere hakupiga magoti. Canada ikachukua nafasi, ikafundisha marubani na mafundi mpaka mwisho wa muongo ule. Halafu China ikajenga kambi ya anga Ngerengere, Morogoro, na vijana wetu wakaenda kujifunza ndege za kivita.

Fikiria mwanafunzi mmoja wa miaka ile, mtoto wa Handeni au Muheza. Anaweza kuwa alianza na amri za Kijerumani, akaendelea na Kiingereza cha Canada, akamalizia na mkalimani wa Kichina. Nchi tatu, na bado spini ni ile ile: kanyaga kinyume, sukuma mbele, subiri. Wanaume wale majina yao hayapo kwenye mabango. Wengi wamezeeka kimya kimya, na unaweza kuwa unapishana na mmoja wao sokoni bila kujua kwamba aliwahi kuiona ardhi ikiwa juu ya kichwa chake.

Bili ya somo lililorukwa

Sasa ile sehemu isiyo na mzaha.

Mwaka 1949 Marekani ilifuta sharti la kila mwanafunzi wa urubani kufanya spini ili apate leseni ya kawaida. Sababu haikuwa ya kipuuzi: mafunzo yenyewe ya spini yalikuwa yanaua. Wakasema heri tumfundishe mtu kuitambua stoli mapema asiingie kabisa. Nchi nyingi zikafuata njia hiyo. Ndege za abiria zikawa za kisasa, rubani otomatiki akachukua kazi kubwa, na vizazi vya marubani vikakua bila kuwahi kupinduliwa hata siku moja.

Tarehe 30 Januari 2000, usiku, ndege ya Kenya Airways namba 431 iliondoka Abidjan. Mara tu baada ya kuruka, king'ora cha stoli kikalia. Rubani aliyekuwa anaongoza akafanya kile kinachofundishwa: akashusha pua. Lakini king'ora kilikuwa cha uongo, na chini yao kulikuwa na bahari, karibu mno. Watu 169 walikufa, 10 wakapona.

Tarehe 5 Mei 2007, usiku wa manane, ndege namba 507 ya kampuni hiyo hiyo iliondoka Douala, Cameroon, kuelekea Nairobi. Nje giza tupu na mvua. Ripoti ya uchunguzi ilieleza kwamba rubani otomatiki hakuwa amewaka ingawa ilidhaniwa amewaka, na ndege ikaanza kulalia kulia polepole, polepole sana, mpaka masikio ya ndani ya binadamu hayahisi. Vyombo vilikuwa vinaonyesha, hakuna aliyekuwa anaviangalia. Onyo lilipolia, rubani alikuwa tayari amepoteza juu na chini, na hatua alizochukua zikazidisha kuipindua ndege. Ilianguka kwenye mikoko, kilomita chache tu kutoka uwanjani, na ilichukua karibu siku mbili kuipata. Wote 114 walikufa.

Sisemi kwamba vitanzi viwili vya Tiger Moth vingewaokoa. Ajali ina mikono mingi, na ripoti ile ilitaja pia uratibu mbovu kati ya marubani wawili. Na ile ya Abidjan inatufundisha upande wa pili: dawa ya stoli ukiwa juu sana sio dawa ukiwa futi chache juu ya maji. Lakini ziweke ajali mbili pembeni kwa pembeni na unaona kitu kimoja. Mwili wa binadamu ni mwongo angani. Asiyewahi kuuzoea uongo huo akiwa na mwalimu, atakutana nao kwa mara ya kwanza akiwa na abiria. Wahenga walishasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mbingu ni ulimwengu usiorudia somo.

Dunia ilishtuka zaidi mwaka 2009, ndege ya Air France ilipoanguka Atlantiki ikiwa kwenye stoli mpaka mwisho, rubani akivuta fimbo nyuma. Watu 228. Baada ya hapo sheria zikaanza kubadilika. Tangu Desemba 2019, Ulaya inamtaka anayesomea urubani wa mashirika ya ndege apate angalau saa tano za nadharia na saa tatu za kuruka, ndani ya ndege halisi, akiingizwa kwenye mikao mibaya na kutolewa. Simuleta peke yake haitoshi kwa somo hilo, kwa sababu haiwezi kukukandamiza kitini au kukuning'iniza kwenye mkanda kama ndege halisi.

Yaani baada ya karibu miaka mia moja, wamerudi kwa Smith-Barry.

Sasa vijana wetu. Najua wangapi mna ndoto ya zile mistari minne begani. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimeingia kwenye mafunzo ya urubani, wengine wanakwenda Wilson, wengine Afrika Kusini, na kote huko ada inauma: mashamba yanauzwa, ukoo unachangishana. Na kwa kuwa kila saa ya kuruka ni hela, kishawishi ni kununua zile saa za lazima tu. Cessna 172, ndege iliyozoeleka vyuoni duniani kote, haikuundwa kwa ajili ya vitanzi, kwa hiyo somo hili linataka ndege nyingine na mwalimu mwingine. Ndio la kwanza kukatwa kwenye bajeti, na hata picha zake haziendi mtandaoni, maana ukitoka pale umetapika.

Ila ukiwa unatafuta chuo, uliza swali moja kabla ya kuuliza rangi ya sare: mtaniangusha mara ngapi kabla hamjanipa leseni?

Na sisi abiria, tunaopanda zile ndege ndogo za kutoka Tanga kwenda Pemba, tukiangalia mashua zikiwa kama punje chini yetu, tunaweza kumtazama yule aliyekaa mbele kwa jicho jingine. Siku nyingi kazi yake ni nyepesi, wala huoni jasho. Zile saa chache alizowahi kuning'inia kichwa chini, akikanyaga kinyume na kusukuma mbele huku roho inakataa, zinamsubiri siku moja ambayo tunaomba isifike.